Expel, repel, evict, deport: “kufukuza” kwako ni kupi kwa Kiingereza?

Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja, mwandiko mzuri wa binti wa kidato cha tatu, inakwenda kwa wafadhili wa masomo walioko nje ya nchi. Alikuwa ameiandika kwa Kiingereza mwenyewe, mama yake akaniletea niipitie kabla haijatumwa. Mstari wa nne ulisema: “In Form Two I was expelled from school three times.”

Nikaomba aje. “Mwanangu, ulifanya nini shuleni?”

Akashangaa. “Sijafanya kitu, mwalimu. Nilifukuzwa ada.”

Aliyesoma Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa. Shule yake ni ya binafsi. Asubuhi mhasibu analeta orodha, majina yanasomwa mstarini, waliotajwa wanachukua mabegi na kurudi nyumbani. Mzazi akipata hela, mtoto yuko darasani Jumatatu. Hapo hakuna aliyekosa ila mfuko wa baba. Lakini mtu aliyeko mbali, anayesoma barua 200 za waombaji, akiona “expelled” anaona wizi, mimba, bangi, au mwalimu aliyepigwa ngumi. Tena mara tatu! Tukafuta, tukaandika: “I was sent home three times because my fees had not been paid.”

Tangu siku hiyo nimekuwa nikikusanya vitenzi vya Kiingereza vinavyotafsiriwa “fukuza” kwenye kamusi zetu. Ni vingi, na kila kimoja kina mahali pake. Hapa nimevipanga nivilinganishe kwa ajili ya mwanafunzi, mwandishi wa habari, karani wa ofisi, na zaidi ya wote mkalimani, ambaye kosa lake linaweza kumgharimu mtu mwingine.

Maswali manne kabla ya kuchagua

Kiswahili hakina upungufu. Tunatimua kocha, tunawinga ndege shambani, tunapunga pepo, Wakenya wanafurusha, na tangu mwishoni mwa 2015 Tanzania tunatumbua. Ila “fukuza” ndilo linalotujia kinywani kwanza, na linafunika karibu hayo yote. Kiingereza hakina neno moja la kufunika hivyo, kwa hiyo kabla hujaandika, jiulize haya.

Aliyefukuzwa alikuwa ameshaingia, au alizuiwa mlangoni? Kwetu mbu aliye nje ya chandarua na mpangaji aliyekaa miaka sita wote wanafukuzwa. Kwa Kiingereza hawa hawawezi kushiriki kitenzi.

Anayefukuza ana nini mkononi? Hukumu ya mahakama, barua yenye muhuri, fimbo, harufu, au tabia mbaya tu.

Anatolewa wapi? Nyumbani, nchini, shuleni, kazini, chamani. Hili ndilo swali linalopunguza orodha haraka kuliko mengine.

Na kurudi kupo?

Chase, chase away

Naanza na hiki kwa sababu ndicho chenye madhara makubwa kikikosewa.

“Chase” peke yake ni kukimbiza. Anayekimbizwa hatolewi mahali, ana mtu nyuma yake tu. “The dog chased me”: mbwa alinifukuza. Ukiongeza “away”, umemwondoa: “The watchman chased the goats away.” Mwenye kufukuza hana mamlaka yoyote, ana miguu na fimbo. Kutoka wapi, popote. Kurudi kupo, maana mlinzi akisinzia mbuzi wako kwenye mchicha tena.

Sasa mchukue mkimbizi kutoka Kivu au Burundi, amekaa mbele ya afisa wa uhamiaji Ulaya au Amerika ya Kaskazini, na mkalimani wa Kiswahili kati yao. Anasema: “Wanajeshi walitufukuza.” Ndani ya maneno hayo mawili kuna visa viwili. Katika kimoja, wanajeshi walikuwa nyuma yao mbio, wanataka kuwakamata au kuwaua: “the soldiers chased us.” Katika kingine, waliingia kijijini wakasema tokeni, ardhi hii si yenu: “the soldiers drove us out.” Kile cha kwanza ni cha kuwindwa, cha pili ni cha kunyang'anywa makazi, na afisa anavipima tofauti. Ukichagua kwa kukisia, leo atakuwa amekimbizwa. Kwenye usaili wa pili, akiwa na mkalimani mwingine, atakuwa ametolewa kijijini. Faili litaandikwa kwamba maelezo yake yanapingana, na yeye amesema neno lile lile mara zote mbili.

Wakati mwingine sentensi yenyewe inakusaidia. “Walitufukuza kijijini” inaelekea kwenye kutolewa. “Walitufukuza mpaka mtoni” ni mbio. Pasipo na kidokezo, omba ruhusa ya afisa, umuulize mhusika: walikuwa wanawakimbiza, au waliwatoa?

Kinamfaa anayesimulia tukio la mwilini: mbwa, mwizi, polisi, watoto waliovamia mwembe. Hakifai barua ya ofisi.

Drive away, drive out

Hiki kina uwanja mpana kuliko vyote na ndicho kilicho karibu zaidi na “fukuza” yetu. Mfukuzaji anaweza kuwa mtu, mnyama, moshi, bei, au hali ya hewa. Hahitaji cheo, wala hahitaji kukusudia. “High rents drove the tailors away from the town centre.” Hakuna aliyewaambia mafundi cherehani waondoke. Kodi tu ilipanda.

Ndiyo maana methali yetu, akufukuzaye hakwambii toka, ukitaka kuieleza kwa Kiingereza kitenzi kinachoweza kuibeba ni hiki. “Her sister-in-law's silence drove her away.” Wifi alikuwa haitikii salamu, sahani inawekwa mezani bila neno, na siku ya tano mgeni akafunga mzigo wake. “Expel” hapo ingekuwa uongo, na “chase” pia.

“Drive out” ni kali zaidi. Inataka mtu awe ameshakaa ndani, na inataka nguvu. Waomani walipoizingira Ngome ya Yesu Mombasa kuanzia 1696 hadi 1698, mwisho wake Kiingereza kinausema hivi: “The Omanis drove the Portuguese out of Mombasa.” Unaweza pia kukuta “expelled”, na si kosa. Lakini “drove out” inakusikilizisha mizinga, na “expelled” inakupa matokeo tu.

Mitego ni miwili. Wa kwanza ni gari. “She drove away” maana yake aliwasha gari akaondoka. “They drove him away” inaweza kuwa walimfukuza, na inaweza kuwa walimpakia kwenye gari wakaenda naye. Kwenye maelezo ya shahidi polisi, sentensi hiyo ni ya hatari, afadhali useme “forced him to leave” au “took him away in a car”. Mtego wa pili ni mpangilio: kiwakilishi kinakaa katikati. “Drove them away” ni sahihi, “drove away them” si Kiingereza. Na umbo la wakati uliopita linageuka: drive, drove, driven.

Kinamfaa msimulizi, mwandishi wa makala, na mtu ambaye hana uhakika mfukuzaji alikuwa na mamlaka gani. Ukikwama kabisa, hiki ndicho kitakachokuumiza kidogo kuliko vingine, ila kwenye hati za kisheria hakitoshi.

Repel

Jioni, bibi yangu alikuwa anachuma kivumbasi nyuma ya jiko, anakisugua viganjani mpaka kinatoa ile harufu kali, kisha anakitupa juu ya makaa. Moshi unaingia chumbani, mbu wanabaki nje. Hawajafa, wapo pale pale dirishani. Hiyo ndiyo “repel”: kumrudisha nyuma kabla hajafika.

Neno limetoka Kilatini, “pellere”, kusukuma, likatanguliwa na “re”, nyuma. Ndugu zake wawili tutakutana nao: “expel”, kusukuma nje, na “dispel”, kusukuma huku na huko. Ukishika viambishi hivyo vitatu, nusu ya kazi imekwisha.

Kwa hiyo dawa ya kupaka inayozuia mbu ni “mosquito repellent”, na ile ya kupuliza inayoua ni “insecticide”. Ukizichanganya kwenye maelezo ya bidhaa umemdanganya mnunuzi. Kitambaa kinachoteleza maji ni “water-repellent”, yaani maji yanadondoka yasipenye kwa muda. Kisichopenya kabisa ni “waterproof”. Ncha mbili za sumaku zinazofanana “repel each other”. Sagalla, karibu na hifadhi ya Tsavo Mashariki nchini Kenya, wakulima wametundika mizinga ya nyuki kuzunguka mashamba ili tembo wakisikia mvumo wageuke. Uzio ule unafanya kazi ya “repel” au “deter”. Tembo akishaingia kwenye mahindi na watu wakatoka na madebe na mienge, hapo ni “drive away” au “chase away”.

Vitani, “repel” ni kurudisha shambulio. Vita vya Kagera vinaonyesha mipaka yake vizuri. Majeshi ya Idi Amin yalivuka mwishoni mwa Oktoba 1978 na kushika ardhi ya kaskazini mwa mto Kagera. Unaweza kuandika “Tanzania repelled the invasion”, kwa sababu unachokirudisha ni uvamizi. Lakini wale askari walikuwa wameshaingia na kukaa, hivyo ukiwazungumzia wao, “drove them out of Kagera” ndiyo yenye ukweli. Na Aprili 11, 1979, Kampala ilipotekwa, Amin mwenyewe “was ousted”, aliondolewa madarakani. Vita ni hivyo hivyo, ila vitenzi vitatu.

Kuna maana nyingine isiyohusu mlango. “I was repelled by the smell” ni kuchukizwa. Hapa angalia vivumishi: “repellent” na “repulsive” vyote vinaweza kuwa “cha kuchukiza”, ila “repulsive” ni kizito zaidi, na kwa dawa ya mbu tumia “repellent” tu. Tahajia: “repelled”, “repelling”, l mbili.

Kinamfaa anayeandika juu ya wadudu, vitambaa, sumaku, ulinzi wa mipaka na mashambulizi. Hakifai kwa mtu aliyetolewa shule, nyumba wala kazi.

Expel

Mhusika alikuwa ndani, tena kwa haki, kama mwanachama. Chombo chenye mamlaka kikakaa na kuamua kumtoa. Kurudi hakupo, au ni kwa rufaa.

Shuleni: “expelled” ni kufukuzwa moja kwa moja, kwa kosa. Kusimamishwa masomo wiki mbili ni “suspended”. Kurudishwa kwa ajili ya ada ni “sent home for fees”. Nawasihi walimu wa Kiingereza wayafundishe haya matatu kwa pamoja, kwa sababu kwenye fomu za vyuo kuna kisanduku kinachouliza kama umewahi kuwa “suspended or expelled”, na nimeona vijana wasio na doa wakijitia alama wenyewe.

Chamani: Februari 2020, CCM ilipomvua uanachama Bernard Membe, magazeti ya Kiswahili yaliandika “afukuzwa”, na kwa Kiingereza neno lilikuwa “expelled”. Lisingeweza kuwa “dismissed”, maana uanachama si ajira.

Ubalozini: mwanadiplomasia “anafukuzwa” baada ya nchi mwenyeji kumtangaza hatakiwi, haki ambayo imo katika kifungu cha 9 cha Mkataba wa Vienna wa 1961. Uingereza ilipowatoa wanadiplomasia 23 wa Urusi mwezi Machi 2018, baada ya shambulio la sumu mjini Salisbury, kitenzi kilikuwa “expelled”.

Nchini: Agosti 1972, Amin alitoa siku 90 Waasia waondoke Uganda. Historia ya Kiingereza inauita “the expulsion of Uganda's Asians”. Kwa nini isiwe “deportation”? Kumdepoti mtu, kwa maana ya leo, ni kumrudisha mgeni kwao. Wengi katika wale walizaliwa Jinja, Kampala, Mbale. Baba zao walikuwa na maduka pale. Wengine walikuwa na uraia wa Uganda. Zaidi ya 27,000 walipokelewa Uingereza, na wengi wao hawakuwa wameiona nchi hiyo maishani. Ukiandika “deported” umesema kwamba kwao ni kwingine, umekubaliana na Amin bila kujua.

Mwilini: mapafu “expel air”, na mkunga husema mfuko wa uzazi “expels the placenta”. Kwa Kiswahili hapo hatusemi fukuza hata siku moja, tunasema kutoa, kusukuma.

Kosa letu la kawaida ni kudondosha “from”. Kwa kuwa tunasema “amefukuzwa shule” bila kihusishi, mkono unaandika “he was expelled school”. Ni “expelled from school”.

Kinamfaa mwandishi wa habari za vyama, vyuo na balozi, mwanahistoria, na muuguzi.

Dispel

Fupi: hakimgusi mtu. Kinachotimuliwa ni hofu, uvumi, shaka, dhana potofu, au giza na ukungu kwa lugha ya kishairi. “The doctor dispelled our fears.” Mwenye kufukuza anatumia maelezo au ushahidi, na kinachofukuzwa kinatoka akilini.

Ukiona mtu ameandika “police dispelled the crowd”, msahihishe kwa upole. Watu wanatawanywa, “dispersed”.

Kinamfaa mhudumu wa afya, msemaji wa ofisi, na yeyote anayekanusha uvumi wa mitandaoni.

Evict

Hiki si mtoto wa “pellere”. Mzizi wake ni neno la Kilatini la kushinda, na zamani kilihusu kumshinda mtu kwa sheria na kutwaa mali. Harufu ya mahakama haijakitoka.

Anayetolewa ni mpangaji au mkazi. Anayetoa ni mwenye nyumba, mwenye ardhi au serikali, kwa sheria au kwa kudai sheria. Anatoka kwenye nyumba au ardhi, basi. Hakuna “evict” ya kazini wala ya shuleni.

Shida yetu ni kwamba “mwenye nyumba kanifukuza” ni sentensi ya hatua nyingi. Miaka michache iliyopita nilimtafsiria mpangaji mmoja wa Dar es Salaam barua kwa mwajiri wake wa kigeni, anaomba siku mbili za ruhusa. Alisema amefukuzwa nyumba, nami nikaandika “I have been evicted”. Mwajiri alipiga simu usiku ule ule kwa wasiwasi, akiuliza watoto wamelala wapi. Watoto walikuwa kitandani kwao. Mwenye nyumba alikuwa ametoa notisi ya mwezi mmoja. Nilipaswa kuandika “I have been given notice to leave.” Kosa lilikuwa langu, nilikuwa sijauliza swali la kwanza: ametoka, au ameambiwa atoke?

Hatua zenyewe ni hizi. Kupewa notisi: “given notice”. Kufungiwa mlango kwa kufuli la mwenye nyumba: “locked out”. Kutolewa kwa amri ya mahakama, dalali wa mahakama akisimamia: “evicted by court order”. Kutolewa vyombo nje, kitanda na jiko vikikaa uani majirani wakiangalia: “their belongings were thrown out”, na ukitaka jina la kitendo chote, “evicted”, ukiongeza “illegally” pale sheria ilipovunjwa. Kufurushwa kwa wakazi wa msitu au wa hifadhi ya barabara, kama vyombo vya habari vya Kenya vinavyosema, pia ni “eviction”, na mara nyingi “forced eviction”.

Kinamfaa mpangaji, mwanasheria, na mtu wa haki za ardhi. Kitumie baada ya kujua hatua.

Deport

Serikali inamtoa mtu nchini na kumpeleka kwao au anakodaiwa kutoka. Ni lazima awe ameingia. Aliyegeuziwa mpakani au uwanja wa ndege hajadepotiwa, amekuwa “refused entry” au “turned back”. Tofauti hiyo ina uzito kwenye fomu za viza, zinazouliza yote mawili na kukutaka ujibu kweli.

Dada zetu wanaokwenda kazi za ndani Oman na nchi nyingine za Ghuba wanarudi wakisema “nimefukuzwa”. Uliza nani alifukuza. Bosi akimkataa na kumkatia tiketi, ni “dismissed and sent home”. Mamlaka ya nchi ikimkamata na kumpandisha ndege, ni “deported”, na hilo linaweza kumfungia milango ya kurudi. Usimwandikie la pili wakati lililomkuta ni la kwanza.

Kwa mkimbizi kuna maneno mengine mawili ya kujua. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 33, unakataza nchi “to expel or return” mkimbizi kwenye hatari. Na anayerudi kwao kwa kujiandikisha mwenyewe, kama Warundi waliopanda mabasi kutoka kambi za Kigoma, ni “voluntary repatriation”. Kama hiari yenyewe ina mashaka, mwache msemaji aseme, usimpambie neno wala usimnyime.

Katika vitabu vya zamani utakuta mtu akidepotiwa kutoka nchi yake mwenyewe. Novemba 1953, Gavana Andrew Cohen alimtoa Kabaka Mutesa II wa Buganda na kumpeleka Uingereza, na tukio hilo linaitwa “the deportation of the Kabaka”. Alirudi Oktoba 1955. Lugha ya ukoloni iliruhusu hivyo, leo tungesema “exiled”.

Dismiss, sack, fire

Vyote ni kazini. “Dismiss” ni cha barua, “sack” na “fire” ni vya mdomoni na vichwa vya habari. Kocha aliyetimuliwa: “sacked”. Waziri aliyetumbuliwa: “sacked” kwenye gazeti, “dismissed” kwenye taarifa rasmi. Mkenya aliyepigwa kalamu: “fired”.

Kwenye karatasi za kisheria fuata sheria ya nchi yako inavyosema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inatumia “termination”, na kuachishwa kusiko halali ni “unfair termination”. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 ina “summary dismissal” kwa kosa kubwa. Na kama ofisi ilipunguza watu, mfanyakazi hakukosa, ni “retrenched” au “made redundant”. Kumwandikia huyo “dismissed” kwenye wasifu wake ni kumwekea doa asilostahili, sawa na yule binti wa ada.

Vitatu vya pembeni

“Oust” ni kwa cheo na madaraka tu: Sultani Jamshid wa Zanzibar “was ousted” Januari 12, 1964. “Banish” na “exile” ni kupelekwa mbali na kwenu na kukatazwa kurudi. Sayyid Khalid bin Barghash, aliyetwaa usultani wa Zanzibar na kushindwa katika vita vifupi vya Agosti 27, 1896, alikamatwa na Waingereza 1916 na kuhamishiwa Shelisheli na St Helena, hadi aliporuhusiwa kurudi Afrika Mashariki, akafia Mombasa 1927. Huyo “was exiled”. “Banish” ina ladha ya hadithi za wafalme, na siku hizi inatumika zaidi kwa mambo kama kuifukuza simu mezani wakati wa chakula.

Kwa hali yako

Unaandika barua ya ufadhili na ulirudishwa nyumbani kwa ada: “sent home because my fees were unpaid”. Usiguse “expelled”.

Unajaza fomu ya viza na ulirudishwa kutoka uwanja wa ndege: “refused entry”. Ulikuwa umeingia, ukakamatwa, ukarudishwa na serikali: “deported”. Mkataba ulivunjwa na mwajiri: hakuna cha uhamiaji hapo, sema “my employment was terminated”.

Unaandika habari ya wananchi waliotolewa kwenye ardhi, na hujui kama kulikuwa na amri ya mahakama: “removed from the land” au “forced off the land” itakusitiri mpaka upate hati. Ukiipata, “evicted”.

Unaandika kibandiko cha mafuta ya mwarobaini unayouza: “repels mosquitoes”, kama hayaui.

Unatafsiri hotuba ya daktari wa wilaya anayetaka “kufukuza uvumi juu ya chanjo”: “dispel rumours”.

Unasimulia jinsi mtu alivyokufanya ujione hutakiwi, bila kukuambia neno: “drove me away”.

Na kama umekaa kati ya afisa na mama aliyetoka Fizi au Uvira, kule Kivu, amesema “walitufukuza” na kunyamaza, weka kalamu chini. Mwombe afisa dakika moja. Kisha muulize, kwa sauti ya chini na bila kumharakisha: “Mama, walikuwa wanawakimbiza, ao waliwatosha mu kijiji?” (Kwa Kiswahili cha Kongo “kutosha” ni kutoa.) Subiri amalize. Kitenzi utakipata katika jibu lake.